Mshale wa Chini

Fundi wa vibao hakuchora mshale wowote kabla ya kuitembea njia yake. Kila asubuhi alifika hospitalini kutoka Suna, akaegemeza baiskeli, akaanzia langoni kama mgeni, thamosi kuukuu mkononi, akitafuta wodi ya siku hiyo. Kona iliyomtatiza aliitia chaki. Sista Joyline alimtazama hivyo majuma mawili, mwaka ule wa tisini na sita wagonjwa walipolala wawili wawili kitandani. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Rangi ilikuwa imemganda kwenye kucha, na kila neno alilitamka kwa sauti ya chini huku akilichora, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo, kama anayembembeleza mtoto. Vibao vyote alivitundika juu ya milango. Mochari aliiacha mwisho. Mshale wake aliuchora ukutani, chini kabisa karibu na sakafu, akiwa amepiga magoti.

“Fundi, hapo umekosea,” Joyline alimwambia. “Nani ataona kitu huko chini?”

Hakugeuka. “Sista, mwezi wa nne nilimletea mke wangu uji. Kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Wakaniambia nimfuate huku. Nilipotea mara mbili. Vibao vya zamani vilikuwa juu, na shingo ilikataa kuinuka. Nilikuwa naona sakafu tu.” Akaitazama thamosi kando yake. “Nilipomfikia, uji ulikuwa bado moto.”

Joyline akachuchumaa, akamshikia kopo la rangi amalizie mshale.