Siku Nilipomwaga Oili ya Difu Ukweni

Aibu nyingine mtu unaoga zinatoka, ila hii yangu ya ukweni Miteja naona nitazikwa nayo, maana mpaka leo nikifika pale vijana wananiita "Bwana Oili" na mimi naitika, nitafanyaje.

Nilitoka kwetu Mitwero, hapo Lindi, na pikapu kumfuata mama mkwe aje kwenye arobaini ya mwanetu wa kwanza (alikuwa hajamwona mjukuu, goti lilimlaza tangu mtoto hajazaliwa). Njiani nyuma ya gari kukawa kunavuma, nikajua ni difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, labda oili imepungua. Dumu la oili ninalo, spana ninayo. Fundi yupo pale barabarani, ila asubuhi ya kuondoka wakwe wote wamekaa barazani wananitazama, nikaona ya nini kuhangaika na mafundi kwa kazi ya kuchungulia tu? Nikajitupa chini ya gari na shati langu jeupe la shughuli.

Difu ina boliti mbili. Ya juu ndiyo ya kupimia na kujazia, na hiyo ilikuwa na kutu, ikagoma. Ya chini, ya kumwagia, ikalegea kwa raha zote, basi nikafungua hiyo (akili zangu!), oili yote ikanishukia usoni, nyeusi, nzito, inanuka kama yai viza. Nikainuka nikajigonga paji, nikatoka kwa magoti macho nimefumba, nikapapasa kamba ya nguo, nikavuta ya kwanza nikajifuta mpaka masikio.

Kufumbua macho, nimeshika gauni la mama mkwe, jipya, aliloshona kwa ajili ya siku ile.

Nikarudi chini mbio nifungue ile ya juu nijaze oili tuondoke, spana ikateleza, ikala kichwa cha boliti kikawa mviringo kama kitumbua. Oili ya zamani imemwagika, mpya haina pa kuingilia. Nikakaa mchangani nikalia, jamani, na ndevu zangu.

Mama mkwe (tangu nimemuoa bintiye tulikuwa hatujavuka shikamoo na marahaba) akaja anachechemea na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, akaniinamisha, akaniosha kichwa mwenyewe.

"Tulia mwanangu, itakuingia machoni."

"Gauni lako, mama."

"Gauni halina arobaini. Mwenye arobaini ni mtoto. Twende tukapande basi."

Akanipa shati la marehemu mumewe, mikono ikaniishia kwenye viwiko, yeye akavaa gauni lilelile na madoa yake. Ndani ya basi watu wakaanza kuziba pua, konda akauliza nani kapakia samaki walioharibika.

"Ni mkwe wangu huyu," mama akajibu kwa sauti, basi zima likasikia. "Oili imemmwagikia akinipeleka kwa mjukuu wangu. Fungueni madirisha."

Kisha akanilalia begani mpaka Lindi.

Zuhura, mke wangu, alipotuona mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akamweka mtoto mikononi mwa mama yake, na hapo tukalia sote.

Pikapu ilibaki Miteja, na ile boliti akaja kuifungua fundi. Tangu siku hiyo, boliti ya chini siigusi kabla ya juu haijafunguka, na nikiwa ukweni siigusi hata ya juu.