Madirisha mawili, faili moja, na mzee mwenye mimba

Saa nne asubuhi, mzee mmoja anasimama kwenye dirisha la pili la maabara ya zahanati, kaishika karatasi yake kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Binti yangu," anamwambia karani, "nilikuja kupima sukari. Hapa mmeniandikia nina mimba."

Foleni nzima inaangua kicheko. Asiyecheka ni mmoja tu: fundi wa programu, mama wa watoto wawili, ambaye wenzake humwita Bi Nilisema. Na kweli alisema.

Programu ya kuchapa majibu aliirithi, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Karani akibonyeza, inaandika majibu kwenye faili la muda, inayachapa, kisha inalifuta. Balaa ni kwamba faili hilo lina jina lilelile siku zote. Dirisha lilipokuwa moja, shwari. Siku hizi ni mawili, na makarani wakibonyeza kwa pamoja, wa pili anaandika juu ya majibu ya wa kwanza. Wapishi wawili, sufuria moja: huyu kaweka maharage, yule kamwagia chai.

"Nimemwambia bosi mpaka ulimi umeota sugu," analalamika Bi Nilisema. "Ananijibu, 'Mbona inafanya kazi?' Hata mwizi anafanya kazi!"

Bosi mwenyewe anatokea, tai imepinda. "Mzee aende zake nyumbani, mashine imeteleza tu."

"Haendi," anasema Bi Nilisema. "Majibu yake halisi yako wapi?"

Anayafukua kwenye mashine ya kupimia. Kicheko kinakauka: sukari iko juu mno. Mzee anakimbizwa kwa daktari kwenye kiti cha magurudumu, akinung'unika kwamba mjamzito hasukumwi hivyo.

Bi Nilisema anafunga dirisha la pili kwa mkono wake.

Marekebisho ni mistari michache tu: kompyuta yenyewe ichague jina lisilotumika, ifungue faili papo hapo, kila dirisha na lake.

"Sasa jina la faili nitalijuaje?" anauliza bosi.

"La nini, bosi? Unataka kulialika?"

Kufikia mchana mzee ametulia, dripu mkononi. Bi Nilisema bado kanuna.

"Huyu kaokolewa na mimba," anasema. "Wako waliopewa majibu ya wenzao, yakafanana na kweli, wakaondoka kimya. Kesho nalinganisha yote na mashine, tangu dirisha la pili lifunguliwe. Kila aliyekosewa atapigiwa simu. Na atakayepiga ni bosi."