Kalala Aliyelia Mikononi Mwangu

Mwanangu alipozaliwa Kolwezi, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tulimpa jina la marehemu baba yangu, Kalala. Kwa desturi yetu watu wa Kasai, hata mimi nilimwita Tata, yaani baba, maana mwenye jina amerudi. Taabu ni kwamba kila nikimpakata alipiga mayowe, na kwa wengine alitulia tuli. Shangazi akasema baba angali na hasira. Kweli alikufa hajanisamehe kuoa nje ya kabila. Nikaogopa kumshika mwanangu mwenyewe, na jambo hilo liliniuma sana. Basi nikaamua kwenda Lubudi kwa Tata Mukendi, rafiki wa baba, muuguzi aliyepelekwa vitani Burma na kuzoeana na watawa wa Buddha. Yeye, walisema, anajua habari za wanaorudi.

Alfajiri nilipanda treni na jogoo wa zawadi. Tenke, tulipongoja treni ya pili, mama mmoja aliniuliza kama jogoo naye ana tikiti. Nilicheka mara ya kwanza wiki ile.

Lubudi, alasiri, nilimkuta Tata Mukendi akipanda vijiti vya mihogo. Nikamweleza yote.

“Hiki kijiti,” akasema, “iko ule muhogo wa mwaka jana?”

“Hapana, tata. Ule mulishakula.”

“Basi iko mwingine kabisa?”

“Hapana pia.”

“Njo vile bale watawa balinifundisha. Maisha inatoka mu maisha ingine, lakini hakuna mutu anavuka muzima na hasira yake mu valizi ya safari.”

Kisha akaniambia nimshike jogoo kama ninavyomshika mtoto. Jogoo akapiga kelele za kuchinjwa. Mzee akampokea, naye akanyamaza.

“Roho na mwili binashikana,” akasema. “Roho yako inaogopa, mikono inakazana, mutoto anasikia.”

Kesho yake jioni nilifika nyumbani, nikampakata Kalala kabla ya kuvua kofia. Akalia. Nikavuta pumzi, nikalegeza mikono, nikamwambia, “Tata, tutazoeana.” Akakitazama kidevu changu kwa muda, akasinzia.

Shangazi akatangaza kwamba baba amesamehe. Sikubishana naye. Nilichojifunza Lubudi ni kwamba hofu ilikuwa yangu, na mtoto ndiye aliyekuwa akiililia. Mkono ulikufa ganzi, mke wangu akataka kumpokea. Nikakataa.