Uji wa Babu Siku ya Sabato

Juzi darasani tulisoma riwaya ya Waigbo, kuhusu mwanamume anayeogopa kuonekana dhaifu. Darasa zima lilimcheka. Mimi, ninayecheka hata kwenye mtihani wa hesabu, nilinyamaza. Nilimkumbuka Babu.

Alasiri moja ya Sabato nilipokuwa mdogo, kule kijijini Kosele, Nyanya alikuwa kitandani na homa. Nilifuata harufu ya moshi na unga wa wimbi hadi jikoni, nikamkuta Babu amechuchumaa akikoroga uji. Aliweka kidole midomoni, ishara ya nisiseme. Nikadhani ni mchezo. Sasa najua: mila ilimkataza jiko kwa kuwa ni mwanamume, na kanisa lililoletwa na wazungu lilimkataza kupika kwa kuwa ni Sabato.

Wazee wa kanisa walikuwa uani, wamekuja kumwombea mgonjwa. Nikatoka mbio nikipayuka, "Babu anapika! Babu amekuwa mama!"

Walicheka hadi Biblia zikaanguka. Mmoja akaita, "Jaduong', mzee wetu, uliolewa lini? Tena Sabato!"

Babu aliinua sufuria, akaumwagia moto uji wote, kisha akatoka kuwasalimia. Bado nilikuwa nacheka Nyanya alipomwita Babu kutoka chumbani, kwa sauti ndogo, "Baba Akinyi, uji umeiva?"