Nimekuta Jina la Marehemu Mama Yangu Kibugu

Admin, jina langu lisionekane, ingawa mke wangu akisoma hata nusu atajua ni mimi. Nina miaka 41, mzaliwa wa Meru, baba wa wavulana wawili. Mwaka huu tumemzika mama yangu. Aliitwa Nkirote, jina la kwetu Meru, na alikata roho na kinyongo kimoja: hakuacha mjukuu wa jina lake. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, lakini Mungu alitupa wavulana, kisha daktari akatuambia tusijaribu tena. "Mimi nitapotea hivyo tu," mama alikuwa akisema, na mke wangu anaenda kulia jikoni.

Tangu mazishi namsikia akiniita, hasa nikiwa naendesha gari. Mwezi uliopita tulienda kufunga nyumba yake, na tukirudi Nairobi nikamwambia mke wangu tusikimbie, nimwonyeshe nilikopita ujanani. Tukaanzia Nchiru nilikosomea chuo. Hosteli yangu bado ipo na dirisha lile la juu, na kioski cha chini yake kimepakwa rangi mpya. Mke wangu alishuka akapiga picha. Mimi nilibaki garini.

Wacha niseme hapa nisichowahi kusema nyumbani. Nikiwa mwaka wa tatu nilitumwa Kibugu kufanya mazoezi ya ualimu, nikapendana na Wawira, aliyekuwa akipika chai kwenye hoteli karibu na shule. Miezi minne baada ya mimi kuondoka, alikuja Nchiru amebeba mfuko wa nduma. Nilimwona kutoka dirishani, na sweta yake haikuficha kitu. Nikamtuma mwenzangu wa chumba aseme nimesafiri, mimi nikasimama nyuma ya pazia. Alikaa kwenye kioski kile mpaka saa kumi, akaacha nduma, akaenda. Nduma zenyewe tulizila, tena zilikuwa tamu.

Basi tukashuka Makutano, tukapita Chuka na Runyenjes, mke wangu akifurahia milima na mito. Tulipofika Embu ningenyoosha tu barabara ya Nairobi. Sijui ni nini kilinipindisha usukani nikapanda Kibugu.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Kwenye kituo cha kupimia majani chai watu walipanga foleni na vikapu vyao, na karani akaita, "Nkirote!" Akatoka msichana wa kama miaka kumi na minane, ana mwanya wa mama, anatembea bega moja chini kama mama.

Mke wangu akasema polepole, "Kwani huku Embu pia kuna Nkirote?"

Nilishuka, na Wawira, aliyekuwa kwenye foleni ile, akanitambua kabla sijafunga mlango. "Mwalimu. Umepotea njia?"

Nikamuuliza kuhusu lile jina.

"Mamangu alitaka aitwe jina lake, kwa sababu mtoto hakuwa na kwao. Nikakataa. Ulikuwa unanihadithia mama yako kila siku, na yeye hakuwa amenikosea." Akashusha sauti. "Lakini nilimwambia babake alikufa. Sasa usinifanye muongo."

Msichana akatusogelea, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, akanisalimia kwa mkono. "Mum ameniambia babangu pia alikuwa mwalimu hapa. Ulimjua?"

"Nilimjua."

"Alikuwa mtu mzuri?"

Wawira ndiye aliyejibu, "Alikuwa mzuri," akamwambia arudi kwenye foleni asipitwe.

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Mama alikufa akililia mtu wa jina lake. Wewe ulikuwa unajua?" Nikasema sikujua. Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto, na mimi mama haniiti tena. Kimya chake kinanitisha kuliko ile sauti.

Nishaurini ndugu zangu, hata mkinitukana nitasoma. Nimkirie mke wangu yote na kuvunja nyumba? Nirudi Kibugu? Yule mtoto ana baba mzuri aliyekufa. Nikienda, nitamwambiaje kwamba hakufa, alikuwa nyuma ya pazia?