Mafuta Niliyoyafunga kwa Kitambaa cha Pazia

Naomba jina langu lisitajwe. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane, mjane na mwalimu mstaafu, ninaishi kijijini karibu na Katesh. Kwa miaka mingi nimewakataza majirani kumwaga mafuta ya kukaangia mtaroni, kwa kuwa huziba njia ya maji na kunuka. Niliwafundisha wayaache yapoe, wayachanganye na majivu, wayafukie.

Mwaka huu nilikaanga samaki wa chumvi kwa ajili ya wageni wa kanisani. Mafuta yaliyobaki niliyachanganya na majivu, nikayatia katika mfuko wa plastiki nikidhani hayatapenya ardhini, nikaufunga kwa kipande cha pazia langu la maua. Niliufukia shambani, kina cha kiganja tu, maana mgongo uliniuma. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Nilisahau kwamba huku kwetu, baada ya mavuno, ng'ombe wa kila mtu huingia shamba lolote kula mabua na kufukua chochote chenye harufu ya chumvi.

Wiki iliyofuata ng'ombe pekee wa jirani yangu alivimba tumbo, akafa. Aliyekuwa akimchunga ni mkwe wa jirani huyo, binti wa wafugaji wa Balangdalalu, mama wa mtoto wa miaka minne. Ng'ombe alipopasuliwa, ukatoka mfuko wenye fundo la kitambaa cha maua.

Jirani akapiga kelele, "Mmeona? Huyu ametuletea dawa za kwao!"

Binti akanigeukia. "Shikamoo, mwalimu. Wewe husemi uongo. Waambie mimi sikijui hiki kitu."

Nilikitambua kitambaa changu. Nikasema, "Tumwachie Mungu."

Siku hiyo hiyo alirudishwa kwao. Mtoto alizuiwa kumfuata.

Mwezi ulipopita nilikwenda nikakiri yote. Jirani, ambaye nilimfundisha darasa la tatu, akacheka. "Wewe, mwalimu? Uliyenichapa kwa kumwaga maji machafu njiani? Unamwonea huruma tu yule."

Nikamwonyesha pazia lililobaki. Akalitazama. "Maua haya yamejaa mnadani. Nenda ukapumzike."

Mfuko na kitambaa chake walikwisha kuvichoma. Mwanawe, mume wa yule binti, ameshaposa kwingine.

Kila asubuhi yule mtoto hupita kwangu. Hunipa shikamoo kwa adabu, kama nilivyomfundisha, kisha huuliza, "Bibi, mama anarudi lini?"

Nishaurini. Nimjibu nini?