Mama Cheche na kidole cha kuazima

Jua halijapanda vizuri, na kichochoro cha nyuma ya soko bado kinanuka maji ya jana, lakini Mama Cheche ameshajifunga kitambaa puani. Anabonyeza swichi. Mota inakohoa na kugoma. Anaipiga kofi la ubavuni, kama mzazi anayemwamsha mtoto mvivu wa shule, na mkanda wa msasa unaanza kuzunguka juu ya magurudumu yake mawili.

Kisu cha kwanza ni cha bucha la kona. Ni kirefu, kimekonda kwa kunolewa, na mpini wake umefungwa waya. Anakilaza kwenye mkanda na kukivuta taratibu kutoka shinani hadi nchani. Cheche zinamwagika hadi kwenye kandambili zake. Anakichovya kwenye kopo la maji, anarudia, anachovya tena.

Kisha, bila kugeuza shingo, anakipeleka kisu nyuma yake. Hapo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa mwanamume mwenye macho yaliyoingia ukungu mweupe. Anakipokea na kupitisha kidole gumba juu ya makali, polepole, huku uso umeelekea ukutani.

"Bado," anasema.

Mama Cheche anakirudisha kwenye mkanda. Anampa tena.

"Geuza."

Hayo ndiyo mazungumzo yao ya kutwa nzima. Hawasalimiani wakija wala hawaagani wakiondoka. Wakati wa kula, kila mmoja anatazama upande wake. Ukimwuliza Mama Cheche mwanamume yule ni nani, anajibu kama anayetema ganda: "Huyo? Huyo ni baba wa watoto wangu. Mume wangu alishakwenda zake zamani."

Jina lake halitamki. Kwake yeye ni Huyo, basi.

Huyo ndiye aliyekuwa fundi hapa. Mama Cheche alikuwa mke wa nyumbani, akileta chakula na kurudi. Asubuhi moja Huyo alitoka kwenda kununua mikanda ya msasa, akaishia hukohuko, kwa mwanamke mwingine, mji mwingine.

"Aliniachia vitu vitatu," anasema Mama Cheche. "Watoto, mota iliyoungua na mshipi wa suruali. Watoto nimewalea. Mota nikaipeleka kwa fundi akaisuka upya. Na mshipi ule pale."

Anaonyesha kwa kidevu. Mshipi wa ngozi, mweusi kwa uchafu, umepigiliwa misumari kwenye ubao. Kila kisu kinachomalizika hupigwa pale mara kadhaa, huku na huku, ili kitulie. "Naupiga kila siku ya Mungu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kazi alijifunza kwa kuharibu. Visu vya jikoni vya majirani ndivyo vilivyolipa karo yake. Alikandamiza chuma kwenye mkanda mpaka kikawa cha buluu, na chuma kikishakuwa cha buluu kimekufa hicho. Unanoa leo, kesho butu. Majirani walimcheka, wakamwambia arudi jikoni. Hakurudi. Baada ya mwaka, mabucha yote ya soko yalikuwa yake, na mafundi cherehani wakaleta mikasi. Siku nzuri alinoa visu sitini. Jina la Mama Cheche alibatizwa na wachinjaji.

Siri ya kazi yenyewe ni kitu anachokiita uzi. Ukinoa upande mmoja mpaka chuma kikawa chembamba kabisa kwenye makali, kinajikunja kidogo sana upande wa pili, kama uzi. Kwa jicho hukioni, ila kidole kinakisikia. Uzi ukijitokeza ndipo unageuza kisu. Ukigeuza mapema, kisu kinatoka kinang'aa kama kipya, kinakata mara mbili tatu, halafu kinalala.

Na vidole vya Mama Cheche havisikii tena.

"Nilianza kuamka na ganzi, nikadhani nimelalia mkono," anasema, akivikunja na kuvikunjua mbele ya macho yake. "Kumbe ni mtetemo wa mashine. Daktari akaniambia mishipa imechoka, nipumzike. Nipumzike nile msasa?"

Hakumwambia mtu. Akanoa kwa kubahatisha. Siku moja mwenye bucha la kona akamfuata mpaka kibandani, kisu mkononi, wateja wakisikia: "Mama Cheche, hivi umeninolea au umenipakia mafuta? Kinakata mara mbili, kinalala!"

"Nikamtukana," anakiri. "Nikamwambia anakatia mifupa kisu cha nyama. Lakini moyoni nilijua. Nilijua kabisa."

Maneno ya sokoni hayahitaji miguu. Visu sitini vikawa arobaini, vikawa ishirini, na zipo siku alizokaa mpaka adhuhuri akifukuza nzi. Mkanda mmoja wa msasa aliuona mzito kuununua. Alijaribu kumweka msichana wa jirani amshikie visu. Siku ya pili binti wa watu akajikata, mama yake akaja juu. Na hata angevumilia, asingefaa upesi. Kidole kinachoujua uzi hulelewa miaka, hakiokotwi njiani.

Ni katika siku hizo wifi yake alipobisha hodi, amemshika mtu mkono.

"Wifi, mwenyewe huyu," alisema. "Mwanamke wake kamtoa nje tangu macho yameharibika. Sisi tumechoka naye."

"Na mimi niliwaambia nimepumzika?" aliuliza Mama Cheche.

Angefunga mlango. Binti yake mkubwa, mshona nguo, ndiye aliyelia. Mama, baba ni baba. "Baba ni baba, sawa," Mama Cheche anasema sasa, akisonya. "Na mume je? Mume naye ni mume?" Akamtandikia mkeka stoo, kwenye mikanda chakavu. Mchana akamleta kibandani, kwa kuwa hakumwamini kumwacha na nyumba.

Huyo alikaa kwenye ndoo siku baada ya siku. Kisha mchana mmoja akanyoosha mkono, akapapasa kisu kilichokuwa kimekwisha kunolewa, akasema: "Hiki kimegeuzwa mapema."

"Nilitaka kumchoma nacho," anasema Mama Cheche. "Mtu aniache na mota iliyoungua, arudi kipofu, anifundishe kazi!"

Lakini alikirudisha kwenye mkanda. Akanoa mpaka Huyo aliposema geuza. Jioni ile mwenye bucha la kona aliita kutoka ng'ambo ya kichochoro, tena kwa furaha: "Leo umerudi, mama!"

Mama Cheche anasema hajawahi kusikia sifa iliyomchoma kama ile.

Tangu hapo visu vimeanza kurejea, bado si sitini, lakini jiko linawaka. Wachinjaji nao hawaishi utani. Kibanda, wanasema, kina mashine mbili, moja ya umeme na moja ya kidole, na ya kidole haikatiki umeme. Muuza vitunguu wa jirani alijaribu hekima. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alimwambia.

"Dhiki gani?" alijibiwa. "Dhiki yenyewe si aliileta yeye?"

Mama Cheche alipokwenda kujaza maji kopo, Huyo, alipoulizwa, alisema machache kwa sauti ya chini. Ndiyo, alikosa. Hapana, hajaomba msamaha.

"Nikiomba itabidi anijibu," alisema. "Na jibu lake nalijua. Bora hivi. Hivi ananihitaji."

Akanyamaza aliposikia kandambili.

Mama Cheche ana mpango, na haufichi, hata Huyo akiwa anasikia. Kila jioni analoweka mikono kwenye maji ya vuguvugu na kufinyafinya kitambaa kilichoviringwa, kama alivyoelekezwa hospitali. Daktari alisema ganzi huenda ikatoka, huenda isitoke. Yeye ameshika lile la kwanza.

"Siku kidole hiki kikisikia uzi, siku hiyohiyo stoo inafunguliwa," anasema. "Simpigi, simtukani. Nitamwambia asante, kwaheri. Kwani alinisomesha yeye hata niwe na deni naye? Nataka kibanda changu nikae peke yangu, kama nilivyokiinua."

Kila siku, kisu cha mwisho anakijaribu mwenyewe kwanza. Leo pia. Anazima mashine, na kichochoro kinakuwa kimya ghafla. Anafumba macho. Anaweka kidole gumba juu ya makali na kukivuta, taratibu sana, kisha anakivuta tena kwa kukaza zaidi.

"Nimesikia," ananong'ona. "Kuna kitu. Wallahi nimesikia kitu."

Anageuka na kumpa Huyo kisu ahakikishe, na kwa mara ya kwanza leo anamtazama usoni, akisubiri.

Huyo anapitisha kidole na kukisimamisha katikati ya makali. Anasugua vidole viwili pamoja, anavileta puani.

"Una damu," anasema.

Mama Cheche anatazama chini. Kidole gumba kimepasuka, na damu imeteremka mpaka kwenye kiganja, inadondokea kandambili. Huyo amekwishapapasa kitambaa na kukinyoosha hewani, upande ambao Mama Cheche hayupo.

"Najua," anajibu Mama Cheche.

Hakuwa akijua. Anakifuata kitambaa kilipo, anakichukua, anajifunga. Kisha anachukua kisu kutoka mikononi mwa Huyo, anakifuta kwenye gauni, na kuwasha mashine tena.

"Bado?" anauliza.

"Bado," anasema Huyo.